Sehemu ya aliyekimbia



Tangu mwezi wa tano ninapokea ujumbe wa namna moja. Unatoka Kalemie, unatoka Kigoma na Nyarugusu, unatoka Musenyi kule Burundi. Maneno yanatofautiana lakini ulizo ni moja: je, sehemu yangu katika shamba bado iko? Mama mmoja aliniandikia hivi tu: «Kaka, nilipanda mistari kumi na minne. Nani amevuna?»

Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jibu la neno moja halitaeleweka na wale ambao hawajawahi kulima nasi. Sitataja kijiji wala jina la mtu. Mnajua nyakati tulizo nazo. Ijulikane tu kwamba ni hapa Fizi, upande wa ziwa, na kwamba mimi pia ni memba wa kikundi hiki, nina jembe langu na mistari yangu kama wengine.

Tulianza tukiwa nyumba 31. Karibu nusu ni wenyeji. Wengine ni wahami walioshuka kutoka milimani, na wengine ni watu waliorudi kutoka Tanzania wakakuta viwanja vya wazazi wao vimekaliwa. Mwenyeji alikuwa na udongo bila mikono ya kutosha, mhami alikuwa na mikono bila udongo, na mpango wetu ulitoka hapo. Familia yenye udongo inapata gunia moja katika kila magunia kumi. Mbegu ni ya kikundi, mavuno ni ya kikundi, na kinachouzwa kinaingia kasa moja kabla ya kugawanywa. Watu wanauliza kama ni likirimba. Hapana. Kwenye likirimba kila mmoja analeta franka alizokwisha kupata peke yake, kisha anangoja zamu. Sisi tunapata pamoja, na tukikosa tunakosa pamoja.

Wazee hawakupenda. Jirani yangu mmoja, mzee sana, alisimama siku ya mkutano wa kwanza akahesabu kwa vidole. Kidole cha kwanza kilikuwa pamba ya wakati wa Wabelgiji, kilimo cha lazima kilichowekwa na sheria ya mwaka 1917, ambacho baba yake alikilima chini ya fimbo. Cha pili kilikuwa mashamba ya pamoja ya maquis, wakati chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kilichoundwa mwaka 1967, kilipokaa miaka mingi katika milima yetu. Cha tatu kilikuwa salongo ya Mobutu. Mama mmoja aliyekulia Kigoma akamwongezea kidole cha nne: vijiji vya ujamaa, aliokuwa ameviona kwa macho yake katika miaka ya 1970, watu wakihamishwa na kuambiwa walime pamoja. Mzee akakunja vidole vyote akasema kwamba shamba la wote ni shamba la Leta, na shamba la Leta mtu halimi kwa moyo.

Mimi naona alikuwa na haki. Lakini katika vidole vyake vyote vinne kuna kitu kimoja ambacho hakukitaja: kaye. Aliyeandika nani amelima, na nani atapata nini, hakuwa yule aliyeshika jembe. Kwetu kaye inasomwa kwa sauti kila Jumamosi jioni, chini ya mwembe, jina kwa jina, siku kwa siku. Asiyejua kusoma anasikia jina lake na siku zake, na akiona zimepungua anapiga kelele palepale. Kelele zimekuwa nyingi, na mimi nazihesabu kuwa afya ya kikundi. Mzee hakuingia. Hadi leo hajaingia, lakini binti yake ni mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo za kasa.

Mwaka wetu unaanza mwezi wa tisa. Mvua ya kwanza ikishuka, rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti inagongwa saa kumi na mbili asubuhi, na wote wanatoka, akina mama na watoto mgongoni, vijana na redio zao. Watu wa kilimo wanauita msimu A. Tunapanda mahindi na maharagi kwenye udongo mmoja, na muhogo upande wa mto. Kila mtu anapewa mistari. Anayemaliza mistari yake ameandikiwa siku moja ya jembe, awe ametumia saa tatu au saa saba. Sheria hiyo iliombwa na akina mama, kwa sababu wao wanataka kumaliza mapema wawahi maji na kuni.

Miezi ya kumi na moja na kumi na mbili ni miezi ya sufuria. Akiba imeisha nyumbani na mahindi bado ni majani. Hapo kikundi kinapika shambani: sombe iliyotwangwa vizuri, mawese, na ndagala kama mwezi unaruhusu. Mtu asiye wa ziwani hatajua hili la mwezi. Wavuvi wetu wanavua ndagala usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti samaki, basi ndagala wanapanda bei sokoni. Sufuria letu linafuata mwezi: usiku wa giza tuna samaki, usiku wa mwangaza tuna sombe na chumvi. Sijaona kitu kinacholeta ugomvi kama sufuria hilo. Mtoto wa nani amekula mara mbili, nani ametuma watoto wanne huku yeye mwenyewe amebaki nyumbani na malaria ambayo haionekani. Lakini katika miezi hiyo miwili hakuna nyumba ya kikundi inayolala bila kitu, na hilo kabla ya kikundi halikuwa hivyo.

Mavuno ya mwezi wa kwanza yanaleta vita vingine. Kila mtu katika eneo anavuna siku zilezile, bei inaanguka, na wakati huohuo shule ya sekondari inadai minervali. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini mwenye watoto wa sekondari hawezi kungoja bei ipande. Wafanyabiashara wanaopeleka chakula Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, wanajua hayo vizuri na wanakuja na pesa mkononi. Kikundi kikigawa gunia zote mara moja, nusu ya nyumba zitauza kwa hasara juma hilohilo. Kwa hiyo tunaweka stoki, na mwenye shida ya minervali anakopa katika kasa.

Kasa hiyo ni ya mtindo wa AVEC, ambao wengi wenu mnaujua. Mtindo wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991 na ukafika hadi vijiji vya Kivu. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Kumbukeni hizo funguo tatu, nitazirudia.

Ugawaji wenyewe unakwenda hivi. Kwanza anatolewa mwenye udongo. Halafu mbegu ya msimu unaofuata. Halafu kidogo cha ugonjwa na msiba. Kinachobaki kinafanywa malundo mawili: theluthi mbili ni lundo la jembe, linalofuata siku zilizoandikwa, theluthi moja ni lundo la vinywa, linalofuata watu wanaokula katika nyumba. Kijana mmoja asiye na mke aliuliza kwa nini alime kwa ajili ya watoto wa wengine. Shangazi yake akamjibu kwamba naye alilishwa na watu ambao hakuwazaa. Hilo likaisha hapo, ingawa kijana bado ananuna siku za kugawa.

Sasa mwaka wa 2025.

Mwezi wa pili ni mwezi wa kupanda msimu B, na kwetu msimu B ni maharagi zaidi. Tulilima na kupanda siku 17. Katika siku hizohizo Bukavu ilianguka, watu wakaanza kuikimbia Uvira, wengine kuvuka kwenda Burundi, wengine kushuka huku kwetu na mitumbwi ya mota. Habari zilikuwa zinafika shambani kwa simu, kila saa habari mpya. Risasi zikasikika karibu nasi pia. Ndani ya juma moja nyumba 19 katika 31 zilikuwa zimeondoka. Hakuna aliyeaga kikundi. Mtu anaaga vipi usiku, na mtoto mgongoni na godoro kichwani?

Nyumba 12 zilibaki. Nyingine hazikuwa na nauli ya mtumbwi, nyingine zilikuwa na mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea. Nisiwafanye mashujaa, wengi wangeondoka kama wangeweza. Lakini ndio waliopalilia. Walikwenda asubuhi na mapema, wawili wawili, bila kugonga rimu, wakarudi kabla jua halijapanda. Siku nyingine walikaa ndani siku nzima. Majani yalishinda sehemu ya chini ya shamba na tukaiacha. Mwezi wa sita walivuna magunia 12 ya maharagi ya kilo mia mia, mahali ambapo mwaka mwema hutoa zaidi sana.

Ndipo likaja ulizo la nani anakula.

Mkutano ulichukua Jumamosi tatu. Wa kwanza walisema aliyeondoka ameacha, shamba si benki. Wa pili walisema kila nyumba katika 31 ipate sawa, kwa kuwa kukimbia si kosa. Wa tatu, nami nikiwa kati yao, tulisema tufungue kaye na kuisoma, kwa sababu siku 17 za mwezi wa pili zililimwa na watu wote, na hakuna mtu wa kuzifuta. Mama mmoja kati ya waliobaki akasimama na neno ambalo hatukuwa nalo. Alisema siku ya kupanda katika amani na siku ya kupalilia huku unasikiliza milio si siku moja. Haiwezekani kaye iziandike kwa kijiti kimoja. Hakuna aliyembishia. Tukakubaliana kwamba siku za baada ya watu kukimbia zihesabiwe mara mbili, na katibu ameziandika kwa jina la «siku za hofu».

Basi hesabu ni hii, na naiandika wazi ili kila mmoja aikague alipo. Magunia 12 ni kilo 1,200. Mwenye udongo, kilo 120. Mbegu, kilo 200. Ugonjwa na msiba, kilo 80. Zimebaki 800, na theluthi mbili yake ni kilo 533 za lundo la jembe. Siku za kupanda za nyumba 31 ni 527. Siku za hofu za nyumba 12 ni 300, zikihesabiwa mara mbili ni 600. Jumla ni siku 1,127. Siku moja imetoa karibu nusu kilo kasoro kidogo.

Mama wa mistari kumi na minne, ulilima siku zote 17. Una kilo nane za maharagi. Najua si nyingi. Najua nauli ya mtumbwi kuja kuzichukua inazidi bei yake. Lakini ni zako, zimeandikwa, na jina lako linasomwa Jumamosi kama zamani, ukifika zamu yako tunanyamaza kidogo, halafu mmoja anajibu kwa niaba yako: «Yupo Kalemie.»

Kuhusu lundo la vinywa, kura ilikwenda upande mwingine. Limegawanywa kwa nyumba 12 peke yake. Mimi nilipinga. Nilisema kinywa kilichoko Kalemie ni kinywa pia, na pengine kina njaa kuliko changu. Walinijibu kwamba lundo hilo ni mwendelezo wa sufuria la shambani, na sufuria linalisha waliopo. Nilishindwa kwa kura nyingi. Bado siafiki, lakini kaye imeandika hivyo na mimi naisimamia.

Sasa zile funguo. Wawili kati ya washika ufunguo walikuwa wamekimbia, mmoja Kalemie, mwingine ng'ambo Tanzania, kila mmoja na ufunguo wake. Miezi minne sanduku lilikaa limejaa pesa na hakuna wa kulifungua, huku watu wakiugua. Vijana walitaka kulivunja mwezi wa nne. Akina mama walikataa kabisa: sanduku lililovunjwa mara moja halitaaminiwa tena. Mwishoni mwa mwezi wa sita ufunguo wa Kalemie ulifika na abiria wa mtumbwi, umeshonewa ndani ya pindo la kitenge. Ule wa Tanzania haukufika, lakini mwenyewe alipiga simu, wote wakamsikia kwa sauti ya juu akisema kateni. Kufuli yake ikakatwa kwa msumeno mbele ya mkuu wa kijiji, mchungaji, shehe na memba waliokuwepo. Tulihesabu mara mbili. Zilipungua franka 500, na baada ya mabishano marefu katibu akaziona kwenye kaye: zilinunua kalamu. Fundi aliyekata kufuli akadai malipo yake kutoka sanduku hilohilo. Ndiyo mara ya kwanza tangu mwezi wa pili niliwasikia watu wakicheka pamoja.

Sasa tuko kiangazi. Upepo wa kusini unasumbua ziwa mchana, wavuvi wanalalamika. Sisi tuko mtoni na ndoo, tunamwagilia lengalenga na nyanya, hiyo ndiyo kazi ya msimu C. Nyumba zinarekebishwa, muhogo unalowekwa na kuanikwa juu ya mawe, na barabara zimekauka kiasi kwamba wafanyabiashara wanaanza kufika tena. Shirika moja lilileta majembe na bango kubwa lenye rangi. Majembe yalikuwa mazuri, nashukuru. Bango tunalitumia kuanikia sombe.

Kuna familia mpya tisa, wahami waliotoka upande wa Uvira. Wameomba kuingia mwezi wa tisa. Baadhi yetu waliogopa kwamba wakiingia, wenye mistari yao wakirudi watakuta imejaa. Tumeamua wapewe ile sehemu ya chini iliyoshindwa na majani, na mistari ya wale 19 isiguswe kwa msimu A huu. Msimu B tutakaa tena tuzungumze. Ni muda mfupi, naujua. Lakini udongo haukai bure hapa, na anayengoja anayo haki ya kujua ni hadi lini anangojewa.

Zile kilo 200 za mbegu ziko salama nyumbani kwa mama mmoja, zimechanganywa na majivu, na hazina mwenyewe. Atakayerudi kabla ya mvua hatahitaji kununua mbegu, atakuta mistari yake na jembe la kuazima. Asiyeweza kurudi achague mwenyewe: sehemu yake iuzwe mwezi wa tisa bei ikipanda, atumiwe pesa kwa simu, au ikae. Walioko ng'ambo ya ziwa, ambako kutuma kwa simu kunasumbua, wataje mtu wanayemwamini anayevuka. Nitumieni jibu, nami nitampa katibu. Asiyejibu, sehemu yake inakaa.

Na jambo la mwisho: muhogo wa upande wa mto haukuingia katika hesabu ya maharagi. Ulipandwa mwaka uliopita, na siku zake ziko kwenye kurasa za nyuma za kaye, za nyumba zote 31. Tunaanza kuuchimba Jumatatu. Aliye karibu na anayeweza kufika aje na gunia lake, maana magunia ya kikundi yameisha.